Kijiko cha Stesheni Masta

Nilipaswa kukataa. Jumamosi ile, jikoni mwetu mtaani Birikani, Stesheni Masta aliponyoosha mkono kuniomba kijiko, nilihitaji kusema neno moja tu, na nilikuwa nimepewa kazi ya kulisema. Badala yake nilifungua droo, nikatoa kijiko, nikampa. Maishani nimefanya makosa makubwa kuliko hilo na mengi nimeyasahau. La kijiko silisahau, kwa sababu linanirudia kila jioni chakula kinapoletwa mezani.

Lakini nikiendelea hivi nitamfanya aonekane mtu wa huzuni, naye hakuwa hivyo hata kidogo. Kwa hiyo kosa langu nitaliweka kando kwanza nimweleze yeye.

Alikuwa mkuu wa stesheni hapa Voi, katika reli ile ya zamani, na hata baada ya kustaafu hakuna aliyemwita kwa jina. Marehemu mkewe alimwita Stesheni Masta. Watoto waliozaliwa baada ya yeye kuvua kofia walimwita Stesheni Masta. Mimi peke yangu nilifupisha nikawa namwita Masta, naye akaniita Karani, kwa kuwa miaka yangu ya kazi niliimaliza nikiwa karani katika shamba la mkonge. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa minyaa. Baada ya muda ua ule ulikuwa na pengo la kiasi cha mwili wake, na halikuwa pengo dogo.

Alikuwa mnene. Nasema hivyo bila kumvunjia heshima, maana mwenyewe alilisema kabla ya mtu mwingine. Kwetu alivunja viti viwili vya plastiki, cha pili mbele ya mchungaji, ndipo mke wangu akamwagiza fundi atengeneze kiti cha mbao nene chenye miguu kama ya kitanda. Masta alikizunguka, akakigonga kwa ngumi, akaketi polepole.

"Hili sasa ni behewa la daraja la kwanza," alisema.

"Ukilivunja hilo, shemeji, utakula ukiwa umesimama," mke wangu alimjibu.

Tangu siku hiyo kiti kikawa chake, na chakula cha jioni akawa anakila kwetu. Mkewe alikuwa amefariki na binti yao, Wakesho, alikuwa ameajiriwa Mombasa. Alipitia penye pengo la minyaa jua likishuka nyuma ya vilima vya Sagalla, akibeba kitu mkononi, papai au mkate, ili isisemwe kwamba anakuja kula bure. Kisha alikula. Sijamwona mtu mwingine akila vile. Tonge lake lilikuwa la haraka na la furaha, na alikuwa akiguna kidogo kila chakula kilipompendeza, kwa hiyo mke wangu alikuwa akipika huku akisubiri kusikia mguno. Mimi nilipika mara moja mke wangu alipokuwa Wundanyi kwa mamake. Siku hiyo Masta alikula kila kitu, lakini hakuguna.

Sauti yake ilibaki ya kazini. Hakuweza kusema jambo la kawaida bila kulitangaza. Chai ikiletwa: "Abiria wa chai, chai inaingia. Tafadhali simameni mbali na ukingo." Asubuhi alinisalimu juu ya ua kwa Kidawida, lugha yetu ya vilimani, "Kwawuka!", akikitamka kama mtu aliyejifunzia kwenye kipaza sauti, na majirani walikuwa wakiamshwa na salamu hiyo hata kama haikuwahusu.

Jambo alilolileta mtaani na ambalo lipo mpaka leo ni kijiti cha kioski cha maji. Wanaoishi Voi wanajua maji yetu. Hupotea siku nyingi, yakirudi watu wote wanakimbia na mitungi kwa pamoja. Siku moja wanawake wawili walishikana nguo pale bombani. Masta akatoka na singlendi yake, akavunja tawi la mwarobaini, akalisafisha majani.

"Hii ni tokeni," akasema. "Si ya stima. Sikilizeni. Reli yetu ilikuwa ya njia moja. Dereva haingii njiani mpaka mkuu wa stesheni amkabidhi tokeni mkononi, ya chuma. Tokeni ni moja, kwa hiyo treni njiani ni moja. Ndiyo maana mmelelewa na baba zenu, hawakugongwa. Mwenye kijiti hiki anateka. Asiye nacho anangoja."

Walicheka, lakini walitii, na mpaka sasa pale bombani kuna kijiti kinachopita mkono kwa mkono. Wakazi wapya hawajui kilikotoka.

Lakini huyu mtu wa tokeni alikuwa amejaa mambo yasiyolingana. Alimkemea kila aliyechelewa, naye kanisani alifika wimbo wa pili kila Jumapili kwa sababu alisalimiana na watu njia nzima. Alikuwa amepokea treni za mizigo gizani bila woga, lakini aliogopa sindano hivi kwamba nesi wa kliniki alilazimika kumwomba aimbe. Treni ya kisasa aliichukia. "Haijui jina la mtu yeyote," alisema, na hakuwa amepanda hata mara moja. Na katika chakula, yeye aliyewapa wengine wote sheria hakuwa na hata moja. Daktari alimkataza soda kwa ajili ya sukari. Akaacha soda, akahamia juisi ya miwa.

Sukari ndiyo iliyomfikisha kwenye upasuaji. Magoti yalikuwa yamechoka, viatu alifungwa na mke wangu, na vidole vya mguu vilianza kukosa hisia. Wakesho alimpeleka kwa daktari Mombasa, na daktari akamweleza kwamba wanaweza kulipunguza tumbo lake libaki mfano wa ndizi moja.

"Ndizi gani?" Masta aliuliza. "Ile ndogo tamu au mkono wa tembo?"

Alituhadithia hivyo aliporudi, nasi tukacheka. Kisha akatazama miguu yake. "Karani, nikikatwa miguu nitapitaje penye ua?" Akakubali. Alikwenda Mombasa kwa basi, akafanyiwa, na aliporudi alikuwa amebeba mto tumboni kama mama aliyejifungua.

Nesi alikuwa amewaeleza, yeye na Wakesho, jinsi atakavyorudi kwenye chakula. Kwanza maji na supu iliyochujwa. Halafu uji mwepesi na maziwa. Halafu vilivyopondwa. Halafu vilivyo laini, mayai na samaki. Mwisho ndipo chakula cha kutafunwa, kidogo kidogo, na maji yasinywewe pamoja nacho. Binti alinieleza yote hayo kwa simu mara mbili. Lakini Masta hakuweza kuishi na maagizo yasiyo na majina, kwa hiyo aliyapa majina ya stesheni. Maji yalikuwa Mombasa. Uji ulikuwa Mazeras. Vya kupondwa, Mariakani. Mayai na samaki, Mackinnon Road. Nyama ya kusagwa, Maungu. Na chakula cha watu, kile alichokuwa akikitaka, kilikuwa Voi.

"Safari ni ndefu," alisema, "lakini njia naijua."

Jioni ya kwanza aliyoweza kupita penye ua, alikuja na kijiko kidogo cha mtoto alichonunuliwa na Wakesho, kile cha plastiki ya kijani. Aliketi kwenye kiti chake, ambacho kilianza kuonekana kikubwa, akanikabidhi kijiko kwa mikono miwili.

"Tokeni," alisema. "Mimi najijua. Nikikaa nacho nitajipa njia mwenyewe. Kaa nacho wewe. Usiponipa, sili. Nikiomba usipotakiwa kunipa, unasema nini?"

"Hapana."

"Kwa sauti ya kiume, Karani."

"Hapana."

"Vizuri. Sasa nipe, ni saa ya uji."

Siku zile zilikuwa za kuchekesha kuliko nilivyotarajia. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na kukataa chakula cha mtu aliyekuja kukuona ni kumtukana. Akina mama walikuja na kuku wa kienyeji, na chapati, na wali wa nazi kutoka kwa jirani wa Kiislamu, na sufuria za maharage. Masta alishukuru kwa sauti ya stesheni nzima, kisha wageni wakishatoka aliniangalia. "Kula, Karani. Kula nione." Nilikula kila kitu, naye alikaa akinitazama kama anayetazama mpira, akiniuliza kama ndani ya kuku kuna chumvi ya kutosha. Alivyokuwa akipungua yeye, niliongezeka mimi. Mke wangu alisema tumbo lake halikutupwa, lilihamishiwa nyumba ya pili.

Watu waliuliza mambo ya ajabu. Mzee mmoja wa kanisa alitaka kujua kama kile kipande kilichokatwa kilizikwa na kwa ibada gani. Masta alimwambia kilizikwa Mombasa, na kwamba michango bado inapokelewa.

Alipofika Mariakani tulianza kutumia blenda. Viazi, karoti, ndengu, kila kitu kilisagwa mpaka kikawa kama rangi ya ukuta. Alikula vijiko vichache, akashiba, na akashangaa kila mara. "Nimeshiba," alikuwa akisema, kama mtu aliyeokota kitu. Lakini hakuguna. Siku nyingi zilipita na hakuna mguno. Si mke wangu wala mimi aliyelitaja, lakini jikoni sote tulikuwa tunausubiri.

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe.

Mke wangu alikuwa na zamu ya kuwapokea akina mama wa kanisa, na kwetu sisi watu wa vilimani mgeni wa heshima haondoki bila kimanga. Asiyekijua nimweleze: ni mihogo, maharage na malenge, vimechemshwa pamoja mpaka vikaiva sana, kisha vikapondwa kwa mwiko sufuriani mpaka vikashikana. Ni chakula kizito, na harufu yake moto husafiri. Masta alipokuja Voi mara ya kwanza, kabla hajaoa kwetu, hakukijua. Mke wangu ndiye aliyemwonjesha, na kuanzia hapo alikuwa akisema hiki ndicho kilichomzuia asiombe uhamisho.

"Baba Mghoi," mke wangu aliniambia asubuhi hiyo, "shemeji asipite jikoni leo. Unaijua pua yake."

"Pua haikukatwa," nikasema.

"Hiyo ndiyo shida. Na kijiko kiko wapi?"

"Ninacho."

"Kaa nacho kweli."

Alikwenda kuoga. Nilikuwa jikoni nikilinda sufuria Masta alipoingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amevaa shati lake la zamani, likimning'inia kama pazia. Alisimama, akavuta pumzi, akafumba macho.

"Karani."

"Naam."

"Kile ni nini?"

"Unakijua."

"Kimefanywaje?"

"Masta, usinianze."

"Nauliza tu. Kimefanywaje?"

"Kimepondwa," nikasema.

"Na mimi niko stesheni gani?"

"Mariakani."

"Mariakani watu wanakula nini?"

Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, sikuwa mtu wa kudanganywa na hesabu kama hiyo. Nesi alikuwa amesema kupondwa kama kwa mtoto mchanga, kusiwe na ganda wala uzi, na Wakesho alinirudia hilo. Maharage yana maganda. Muhogo una nyuzi. Nilijua. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kusema hapana. Na tena, acha niseme ukweli, kilikuwa kimanga chetu. Miaka yote nimejivunia kwamba mtu wa kutoka mbali alikipenda chakula cha kwetu kuliko cha kwao, na nilitaka kuusikia ule mguno.

"Kijiko kimoja," akasema, na mkono wake ukanyooka.

Nikafungua droo. Nikampa.

Alichota kidogo, akaweka mdomoni, akatafuna polepole kama alivyofundishwa. Kisha akaguna. Ulikuwa ni ule ule wa zamani. Nilifurahi hata machozi yakanilenga, na wakati huo huo gari la akina mama likapiga honi langoni. Nikatoka kwenda kufungua. Kijiko nilikiacha mkononi mwake.

Ni mambo mawili, unaona. La kwanza, kumpa, naweza kujitetea. La pili, kumwachia, siwezi, maana yeye mwenyewe alikuwa amenieleza na kueleza mtaa mzima: aliye na tokeni ndiye anayekwenda. Kule nje nilisalimia kila mama, nikauliza habari za vilima, nikabeba mikoba. Niliporudi jikoni alikuwa ameketi, kifuniko kiko sakafuni, na kile kijiko cha kijani amekiweka kando. Alikuwa anatumia mwiko.

"Karani," alisema taratibu, akijishika kifua. "Kuna kitu kimesimama njiani."

Gari la akina mama wa kanisa ndilo lililotufikisha hospitali, na wao wakaimba njia nzima, sijui kwa imani au kwa woga. Kule walimwekea dripu, wakapiga simu Mombasa kwa daktari aliyempasua, na wakaona apelekwe. Sehemu iliyoshonwa ilikuwa imechokozwa na kutapika. Nilisimama kando ya ambulansi. Alikuwa amepauka kama unga, lakini aliponiona alinyanyua kidole.

"Tangaza," akaninong'oneza. "Treni imerudishwa Mombasa. Abiria waanze upya na maji."

Hakufa, tena hakukaribia kufa, ingawa mimi usiku ule nilimzika mara nyingi kichwani. Walimfungua kidogo, wakamtengeneza, wakamlaza majuma. Nilipokwenda kumwona, Wakesho alinikuta kwenye benchi la nje. Huyo binti huniita Mjomba kwa kuwa marehemu mamake alikuwa wa kwetu Wusi, kule vilimani. Aliketi karibu yangu, akanishika mkono. Heri angenitukana.

"Mjomba, simlaumu mtu," alisema. "Lakini hatarudi Voi. Nitakaa naye mimi."

"Nitakuwa mwangalifu zaidi, mwanangu. Nitakitupa kijiko—"

"Si kijiko. Wewe unampenda sana, Mjomba. Huwezi kumkatalia. Ndiyo maana siwezi kumwacha kwako."



Nilimwona tena mwaka uliofuata. Alipiga simu kusema anakuja kukagua nyumba yake, ambayo sasa ina wapangaji, mume na mke walimu, vijana wapole wanaokula wakitazama simu. Nilikwenda kumpokea kwenye stesheni ya kisasa. Watu walishuka, wakapungua, wakaisha, akabaki mzee mmoja mwembamba mwenye suruali iliyokazwa kwa mshipi mpya. Nilimpita kabisa.

"Kwawuka!" kipaza sauti kikalia nyuma yangu.

Nikageuka. Tukacheka hadi askari wa pale akatusogelea.

"Umepanda treni usiyoipenda," nilimwambia.

"Nimeipanda. Kiti kimoja kimenitosha, Karani. Kimoja. Na nafasi ya pembeni ikabaki." Alipiga tumbo lake lililokuwa bapa. "Sukari imeshuka. Viatu najifunga mwenyewe. Twende."

Mke wangu alikuwa amepika kimanga. Nilimkataza, akasema yeye si mimi. Masta alifika penye ua na akacheka, kwa kuwa pengo la minyaa lilikuwa limeanza kuziba na bado alipita bila kugusa jani. Aliketi kwenye kiti chake, ambacho sasa kingewatosha wawili wa ukubwa wake, akatoa mfukoni kile kijiko cha kijani. Alikuwa amekitunza. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kama mwanzo.

"Nimefika Voi," alisema. "Daktari ameruhusu. Kidogo, na kutafuna."

Nilimpa kijiko. Alikula kipande cha nyama na kimanga cha kujaza kiganja cha mtoto, akitafuna taratibu, bila maji, akiwa ametulia kama mtu anayesoma. Katikati akaguna. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageuka haraka akaenda kutazama sufuria ambayo haikuwa motoni.

Alipomaliza alifuta kijiko, akanirudishia, kisha mkono ukanyooka tena, polepole, na macho yakaniangalia kwa ujanja ule wa zamani.

"Kimoja tu, Karani."

"Hapana," nikasema, nikakiweka kijiko mfukoni.

Alinitazama. Uso wake wote ulifunguka. Kisha akasimama kabisa, akaweka kiganja mdomoni kama tarumbeta, akatangaza kwa sauti iliyovuka ua hadi kwa wapangaji wake:

"Abiria, treni ya Karani imewasili. Tunaomba radhi, imechelewa mwaka mzima."

Alilala kwetu, na keshoye mchana nilimrudisha stesheni. Dirishani alinipungia mkono mpaka treni ikakata kona.

Yeye hakupoteza chochote. Ana miguu yake, ana binti yake, anatembea ufukweni asubuhi na kuwaamsha watu wa Mombasa. Aliyepoteza ni mimi. Nilikuwa na jirani aliyekula nami kila jioni, na kwa kuwa sikumnyima kijiko siku moja, sasa jioni namaliza chakula changu nikitazama kiti cha mbao nene ambacho mke wangu amekiwekea ndoo ya maji.